Mkutano wa Jambo Moja

Marlys Kostal hakuwa mtu wa maneno. Kwa zaidi ya miaka ishirini aliendesha greda la kaunti, kiangazi akisawazisha barabara za changarawe, majira ya baridi akisukuma theluji, na greda halitaki hotuba. Ukikutana naye dukani pale Marsek atakusalimu, atauliza kama kwako mvua ilinyesha, kisha atachukua mkate wake aende zake. Kwa hiyo gavana alipomteua akakalie kiti cha uwakilishi kilichobaki wazi katika bunge la jimbo, baada ya aliyekuwa nacho kuhamia Arizona kufuata jua, mji mzima ulikuwa na la kusema isipokuwa yeye.

Aliyemsukuma akubali ni kaka yake, Emil Vavra.

"Nikaseme nini huko Pierre?" Marlys alimuuliza.

"Usiseme kitu. Wasemaji wamejaa tele, hawana hata pa kukaa. Wewe panapotakiwa mkono, nyanyua mkono."

"Na ng'ombe wangu?"

"Ng'ombe wako niachie mimi. Kwani hawanijui sura?"

Hapo ndipo palipokuwa na uzito. Bunge la jimbo la South Dakota huanza kukaa pale Pierre, makao makuu ya jimbo, mwezi Januari, baridi ikiwa ya kugonganisha meno, na huo ndio wakati ng'ombe wa akina Vavra wanapoanza kuzaa. Waliopanga kalenda ile nadhani walikuwa wafugaji wa kuku. Norbert, mume wa Marlys, alikuwa amebadilishiwa nyonga kabla ya Krismasi, akawa anatembea kwa kushikilia fremu ya chuma. Aliweza kupika na kutazama zizi kwa kamera kwenye simu yake, lakini kumvuta ndama hakuweza. Emil alikuwa mgane, umri wake unakaribia sabini, na majira yale ya baridi alishinda zaidi kwenye zizi la dada yake kuliko kwenye lake mwenyewe.

Kila jioni alipiga simu Pierre. "Mheshimiwa, umeongeza dume mwenye kipaji cheupe. Mama yake kanipiga teke. Nikamwambia, wewe sasa ni ng'ombe wa serikali, uwe na adabu." Marlys akiwa peke yake kwenye chumba cha moteli alikuwa akicheka mpaka anafuta macho. Bila simu zile sidhani kama angemaliza mwezi wa kwanza.

Emil naye alikuwa na jambo lake, na alidumu nalo kuliko baadhi ya watu wanavyodumu kwenye ndoa. Katiba ya nchi yao ina milango miwili ya kurekebishiwa. Wa kwanza uko mikononi mwa Kongresi kule Washington, na marekebisho yote yaliyopo yalianzia huko. Wa pili ni wa majimbo: theluthi mbili ya mabunge ya majimbo yakiomba, Kongresi haina budi kuitisha mkutano wa kupendekeza marekebisho. Mlango huo wa pili haujafunguliwa hata mara moja tangu utiwe bawaba. Emil alitaka ufunguliwe. Alitaka wabunge wa Washington wawekewe ukomo wa vipindi, maana wengine, kwa macho yake, walikuwa wamekaa mpaka wameota mizizi. Kila maonyesho ya kilimo ya kaunti alikuwa na meza yake pembeni ya banda la kondoo, akisainisha watu.

"Umewahi kumwona mbweha akipiga kura afungwe mnyororo?" aliwauliza wapitao. "Basi ndiyo hivyo. Mnyororo tutaufunga sisi."

Hakuwa mwendawazimu, na hili nalisema mapema kwa sababu wapo watakaotaka kumcheka. Hoja yake ina kichwa na miguu. Mimi mwenyewe kuna siku nikisikiliza habari za Washington naona kwamba mzee yule amechelewa tu.

Februari, azimio la kuomba mkutano likaangukia kwenye kamati ya Marlys. Jioni hiyo simu ya Emil haikuanza na ndama.

"Limekuja kwako, dada. Mungu halali."

"Nimeliona."

"Watakutisha. Watakwambia mkutano ukishafunguliwa utakwenda mbio usikamatike. Usiwasikilize. Imeandikwa wazi kabisa, ukomo wa vipindi, basi. Ni mkutano wa jambo moja."

Marlys alimtakia usiku mwema akaiweka simu kitandani. Maneno hayo ya mwisho alikuwa ameyasikia siku nyingine, kwa sauti hiyohiyo.

Baba yao alipofariki aliwaachia shamba watoto wake watatu kwa hisa sawa: Emil, Marlys, na mdogo wao Darlene, mwalimu wa shule kule Sioux Falls. Alikuwa ameligeuza shamba kuwa kampuni ya familia, na kwenye karatasi zake akaandika kwamba ardhi haitauzwa wala kugawanywa mpaka wote watatu wakubali. Waliishi hivyo miaka kadhaa bila ugomvi wa maana. Darlene alikuja kila Agosti kuchuma plamu za porini kandokando ya kijito, akapika jamu na kuwagawia, akarudi mjini.

Kisha paa la nyumba ya baba likaanza kuvuja, na Emil, aliyekuwa akiishi humo, akaitisha kikao jikoni. Jambo moja tu, alisema, paa. Darlene akaja kutoka Sioux Falls na keki ya plamu kwenye sinia lake la kuokea. Wakazungumza paa. Kutoka kwenye paa wakaingia nani anakaa ndani ya nyumba, kutoka hapo wakaingia nani anaamka na ng'ombe na nani anakuja kuchuma plamu, na hapo Emil akalitoa lile alilokuwa nalo kifuani: shamba haliwezi kuendeshwa na watu watatu kila mmoja na kufuli lake. Ukame ulikuwa umewapiga, mtu wa kukodi malisho alikuwa anangoja jibu, na Darlene akipigiwa simu huchukua wiki mbili kujibu. Yote hayo yalikuwa kweli.

Karatasi za baba zilikuwa na tundu. Zilikataza kuuza bila wote watatu, lakini hazikukataza kubadili idadi yenyewe. Kwa hilo hisa mbili kati ya tatu zilitosha. Emil alikuwa amekwisha kumuuliza wakili.

"Wanaokubali iwe wawili kati ya watatu," alisema, akanyanyua mkono.

Marlys alimtazama Darlene, akatazama meza, akanyanyua wake. Wengi wape, wahenga walisema, usipowapa watajichukulia wenyewe. Kabla jua halijatua ilikuwa imeshakubaliwa pia kwamba hisa ya Darlene inunuliwe, kwa bei ya haki ambayo hakuna hakimu angeilaumu. Paa halikutajwa tena.

"Mimi nilikuja kwa ajili ya paa," Darlene alisema akivaa koti. Hakupaza sauti. Alitoka akaliacha sinia lake mezani, na hakukanyaga tena pale kwa miaka kumi na moja.

Sinia lile likaishia kwenye kabati la Marlys. Chini yake limebandikwa kipande cha utepe chenye jina la Darlene kwa wino, kama wanawake wa kule wanavyofanya ili vyombo visipotelee misibani na harusini. Na kwao chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Hicho ndicho kisingizio alichokipata Marlys. Kwanza nipate cha kulijazia, alijiambia. Baada ya ng'ombe kuzaa. Baada ya kukata nyasi. Theluji ikiyeyuka. Sinia likakaa, na mwenye kovu usidhani kapoa.

Shamba lilisimama, hilo nalo lisemwe. Majirani wawili waliuza kwa bwana mmoja wa Minnesota ambaye hakuna aliyewahi kumwona uso, lakini akina Vavra wapo. Emil akiguswa kuhusu kikao kile husema ndicho kilichowaokoa, na Marlys hajawahi kupata jibu la kumpinga.

Siku ya kusikiliza azimio chumba cha kamati kilijaa hadi ukutani. Waliounga mkono walimleta bwana kutoka Texas, buti zinang'aa, hoja zote anazo kichwani. Waliopinga walikaa benchi moja: kiongozi wa chama cha wafanyakazi na mkuu wa chama cha wenye bunduki, watu ambao siku nyingine wasingeombana hata chumvi. Kila mmoja aliogopa kwamba mkutano ungekuja kuchukua kilicho chake. Walikaa wametazama mbele, mabega yanagusana.

Bwana wa Texas alieleza vizuri. Mkutano hauandiki sheria, alisema, unapendekeza tu, na kila pendekezo sharti likubaliwe na majimbo thelathini na manane. "Sasa waheshimiwa, hofu ni ya nini?"

Akasimama hakimu mstaafu, bibi mnene aliyevaa sweta la kufuma kwa mkono.

"Waheshimiwa, sina ubishi na hesabu za bwana huyu. Niwakumbushe tu ya mwaka 1787. Wajumbe walitumwa Philadelphia wakarekebishe mkataba uliokuwepo. Mkataba wenyewe ulisema hakuna kitakachobadilika mpaka majimbo yote kumi na matatu yakubali. Wakafunga milango na madirisha. Walipotoka walikuwa na katiba mpya kabisa, na ndani yake wameandika kwamba tisa yanatosha."

"Na katiba hiyo mpya, mama," bwana wa Texas akasema kwa tabasamu, "si ndiyo hii unayoilinda leo?"

"Ndiyo hiyohiyo. Naipenda sana. Lakini sijaisahau Rhode Island, jimbo lile dogo. Haikutaka hata kwenda. Ikaja kuingia mwisho kabisa, imenuna, kwa sababu haikuwa na pengine pa kwenda."

Watu wakacheka. Marlys alikuwa ameinua kikombe cha kahawa. Akakirudisha mezani bila kunywa. Alikuwa jikoni kwa baba, anamwona Darlene akitafuta mkono wa koti.

Hakuwa na hakika kwamba kikao kile kilikuwa kosa, na hilo ndilo lililomsumbua. Kingekuwa kosa tupu, kazi ingekuwa rahisi. Watu wanaweza kukaa kwa jambo moja, wakaondoka na jingine, na jingine hilo likawa zuri likawalisha watoto na wajukuu. Nchi yake mwenyewe ilizaliwa hivyo. Lakini yupo aliyetoka nje na koti lake, na wema wote uliofuata haukumrudisha. Alipokuwa ananyanyua mkono jikoni alijua angalau nani amekaa upande wa pili wa meza. Kwenye mkutano huu ulioombwa hakuna aliyejua nani angekaa, nani angehesabu, wala wangapi wangetosha. Na jimbo lao zima halifiki watu milioni moja. Kwenye meza kubwa namna ile, Darlene atakuwa nani kama si wao?

Kisha akamfikiria Emil, mikono yake iliyopasuka kwa baridi, akiwa amelala juu ya majani makavu kwa ajili ya ng'ombe wasio wake.

"Kuna hoja?" mwenyekiti akauliza.

Marlys, ambaye tangu Januari hakuwa ametoa neno kwenye kamati ile, akaisikia sauti yake.

"Naomba azimio liahirishwe hadi siku ya arobaini na moja."

Katiba ya jimbo inalitengea bunge siku arobaini za kukaa, haiongezi hata moja. Ya arobaini na moja haipo. Ndiyo adabu ya watu wa kule: hawaui jambo, wanalipangia siku. Mimi hilo ningeliita kupakana mafuta kwa mgongo wa chupa, lakini ukiwauliza watakwambia ni ustaarabu, na mtu anayejua kwamba atakutana na jirani yake kanisani Jumapili hana budi kuwa mstaarabu.

"Mwakilishi Kostal angependa kueleza sababu?"

Vichwa vyote vikageuka. Sababu alikuwa nayo, nzima, imejaa kinywani. Angeisema, ingesikika jimbo zima, maana vikao vile hurushwa hewani, na kaka yake angekuwa mfano wa kutolewa kwenye kila meza ya kahawa.

"Sina hotuba," alisema.

Hoja ikapita kwa kura saba dhidi ya sita.

Norbert alimpigia mchana. "Emil alikuwa anasikiliza. Simu kaiegemeza kwenye ndoo, mikono yote miwili iko ndani ya mtamba. Nilimwona kwenye kamera."

"Akafanyaje?"

"Akamtoa ndama. Mzima. Akamsugua kwa majani mpaka akasimama. Halafu akaokota simu, akaizima, akaitia mfukoni."

"Hakusema kitu?"

"Alimwambia ndama kitu. Kirefu kidogo. Ila kamera yetu haina sauti."

Jioni hiyo simu haikulia, wala ya kesho yake. Marlys alikaa ukingoni mwa kitanda cha moteli ameipakata. Aliogopa, na woga wake haukuwa wa siasa. Alikuwa na ndugu wawili. Mmoja alimpoteza kwa kunyanyua mkono, na sasa huenda alikuwa anampoteza wa pili kwa kukataa kuunyanyua. Angeweza kupiga yeye. Akajiambia, baada ya Jumamosi. Akajisikia akilisema hilo, akaona aibu.

Jumamosi wawakilishi hurudi kwa watu wao kuulizwa maswali. Kikao hicho wanakiita pipa la biskuti, kwa kuwa zamani wanaume walizunguka pipa la biskuti dukani wakibishana. Siku hizi pipa halipo; ipo kahawa, na kolachi, vile vimkate vitamu vyenye jamu katikati ambavyo wazee wa Kicheki walikuja navyo. Asubuhi hiyo ukumbi wa zimamoto wa Marsek ulijaa. Norbert alikuwa ameoka tangu alfajiri, akakaa mstari wa mbele na fremu yake kama mlinzi. Emil alisimama nyuma, karibu na mlango, kofia kichwani.

Waliuliza daraja. Wakauliza kodi ya ardhi. Kisha Clarence Hruska, ambaye saini yake ilikuwa ya kwanza kabisa kwenye karatasi za Emil, akapaza sauti kutoka kwenye birika la kahawa.

"Emil, hebu muulize dada yako, huko Pierre wanawalisha nini? Tumempeleka Vavra, karudi mtu mwingine."

Watu wakacheka, wengine kwa kutaka, wengine kwa kukosa pa kuweka uso. Emil hakucheka. Alivua kofia, akasogea katikati ya viti.

"Mimi nina swali moja kwa mwakilishi."

"Uliza," alisema Marlys.

"Siku ile kwenye kamati. Ulipotoa ile hoja, ulikuwa unamfikiria Darlene?"

Hakuna aliyeuliza Darlene ni nani. Marsek ni mji mdogo, na kila mmoja mle ndani aliwahi kula jamu yake. Marlys angeweza kujibu kwa Philadelphia, kwa Rhode Island, kwa majimbo thelathini na manane. Alikuwa na maneno ya kutosha ya wengine. Alimtazama kaka yake.

"Ndiyo," alisema. "Yeye, na mkono wangu."

Emil akaitikia kwa kichwa, polepole.

"Basi. Nilitaka tu kujua ni watu wa Pierre waliokugeuza, au ni mimi." Akavaa kofia. "Azimio ni zuri hata hivyo. Mwakani litarudi."

Akatoka. Clarence alijishughulisha na kikombe chake. Mtu mmoja akakumbuka kuuliza kuhusu theluji ya barabara ya makaburini, na Marlys akajibu, ingawa baadaye hakukumbuka alijibu nini.

Alipomrudisha Norbert nyumbani walikuta gari la Emil uani, injini inanguruma. Mwenyewe alikuwa jikoni. Mbele yake mezani palikuwa na sinia la Darlene, limetolewa kabatini, limeoshwa, limejaa kolachi.

"Aliniambia nimwekee dazeni ya kolachi za plamu," Norbert akasema. "Nikadhani ana njaa."

"Ni plamu za kijitoni?" Emil akamuuliza.

"Ndizo pekee tulizonazo."

"Basi limejaa." Akasimama. "Marlys, twende Sioux Falls."

"Leo?"

"Leo ipo kwenye kalenda. Nimeangalia."

Marlys alibaki amesimama na funguo mkononi. "Na ng'ombe?"

"Clarence anakuja kuwatazama. Nimempigia simu nikamwambia mdomo aliokuwa nao ukumbini aje nao zizini, ng'ombe hawajali."

Njia nzima walibishana. Marlys alikuwa amepakata sinia, Emil ameshika usukani kwa mikono miwili, na walibishana kama hawakuwahi kubishana tangu utotoni, kwa raha fulani ambayo hakuna aliyeitaja.

"Wewe ungekuwa Philadelphia," alisema Emil, "nchi hii ingekuwa bado inatafuta ufunguo wa mlango."

"Ningeuliza kwanza nani hayupo."

"Tuliokoa shamba. Hilo nalisema mpaka kufa."

"Tuliokoa shamba. Nami nalisema. Na yeye alikuja kwa ajili ya paa."

Wakapita maghala ya mahindi, wakapita kituo cha mafuta, wakapita kanisa lililofungwa.

"Bado linavuja, unajua?" Emil alisema mwishowe.

"Nini?"

"Paa. Naweka ndoo."

Marlys aligeukia dirishani ili Emil asimwone akicheka, kisha ikabidi afute macho, na safari hii hakikuwa kicheko.

Nyumba ya Darlene ilikuwa ndogo, ngazi zake zimefagiliwa theluji. Walisimama kizingitini muda mrefu kuliko inavyohitajika kupiga kengele. Mlango ukafunguliwa. Nywele zake zilikuwa zimeingia mvi, amezikata fupi. Alimtazama Emil, akamtazama Marlys, akalitazama sinia. Hakusema karibu.

"Nani kaamua mje?"

"Sisi wawili," Emil akajibu, kofia mkononi.

"Wawili kati ya watatu," alisema Darlene. Sauti yake ilikuwa ileile ya jikoni.

"Ndiyo," alisema Marlys. "Ndiyo maana tumekuja. Tunaomba kura ya tatu."

"Kwa jambo gani?"

"Paa."

"Paa tu?"

"Paa tu. Tukivuka hapo, utufukuze."

Darlene alilipokea sinia. Aliinua ukingo wake kidogo, akainama kuchungulia chini, na akakaa ameinama hivyo kwa muda, anasoma jina lake. Kisha akasogea pembeni ya mlango.

"Vueni mabuti," alisema. "Nimepiga deki."